Udongo wa Mfinyanzi Usio wa Mfinyanzi

3 Februari

Mjomba Haivuji,

Shikamoo. Naanza na salamu ili usije ukasema nimeziruka, ingawa mkono unaniwasha kuandika jambo lenyewe. Hujambo? Mama hajambo? Goti lake limekubali kupanda zile ngazi tatu za mlangoni kwako, au bado anakaa barazani na kukuagiza huku na kule? Mwambie nakula vizuri. Mwambie pia lile shati alilonishonea limesifiwa hata na watu wasiojua kusifu.

Sasa kaa chini. Umekaa? Nimepata kazi! Mimi, uliyeniita Chiriku kwa sababu sinyamazi, ndiye mtunza jengo wa nyumba ya ghorofa tatu, vyumba ishirini na viwili. Funguo arobaini na moja zinaning'inia kiunoni. Nikitembea nalia kama kengele, na wapangaji wanajua ninakuja kabla sijatokea.

Na unajua ni nyumba gani? Ile ile uliyoilazia mabomba ya maji machafu kabla sijazaliwa! Mwenye nyumba ni mama mmoja aliyeirithi kwa baba yake. Aliponiuliza nina uzoefu gani, nikaona maji yamezidi unga, nikasema tu, "Mjomba wangu ni Fundi Haivuji." Akasimama. "Yule wa mkaguzi?" Akanisimulia kisa kile kile tulichokua nacho: mkaguzi alivyoziba mwisho wa bomba, akalijaza maji, akaketi juu ya tofali saa mbili nzima, maji yasishuke hata upana wa ukucha, kisha akainuka na kupaza sauti mbele ya mafundi wote, "Haivuji!" Marehemu baba yake alikuwepo. Kazi nikapewa pale pale, kwa jina lako.

Shida ni kwamba mabomba hayo sasa yanaziba kila mwezi. Choo cha chini kinarudisha maji hadi koridoni. Mpangaji wa chumba cha nyuma, mama mfinyanzi anayetengeneza vikombe na vyungu na kuviuza madukani, amepanga matofali ili apite kwenda kuoga bila kulowa. Mwenye nyumba amenipa mpaka mwisho wa Aprili, mvua kubwa zikiwa zimeshaanza. Nikishindwa analeta kampuni yenye mashine, na kampuni itakuja na mtunza jengo wake. Nianzie wapi, Mjomba? Sijawahi kufurahia uchafu kiasi hiki maishani.

Mpwa wako,
Chiriku


14 Februari

Chiriku,

Marahaba. Huku hatujambo. Goti la mama yako linaendelea vizuri, mdomo ndio umezidi. Nilimsomea barua yako akapiga kigelegele, jirani akaja mbio kuuliza nani anaolewa. Kuku wetu mwekundu ameangua vifaranga tisa. Na usihangaike na namba yangu ya simu: simu ilitumbukia kwenye tangi nililokuwa nalichungulia, na sitaki nyingine. Barua haiishi chaji, wala haikatiki mtu akiwa katikati ya neno.

Hongera, tena hongera. Sasa sikiliza kazi.

Usianze juu. Anza na chemba ya mwisho, lile shimo lenye mfuniko lililo karibu na barabara, urudi nyuma moja moja kuelekea nyumba. Ukianza juu unalisukuma rundo lije likuzibie mbele. Fito za kuzibulia zinaunganishwa kwa kuzungushwa kulia, kwa hiyo ukiwa ndani ya bomba zungusha kulia tu. Ukijisahau ukazungusha kushoto zitafunguka, utoke na fito moja mkononi na nyingine kumi zibaki humo zikikucheka. Usimwage maji mengi ukidhani yatakusaidia. Tope laini litaondoka na maji na kwenda kukaa mita ishirini mbele. Litoe kwa koleo, litie kwenye ndoo, lihesabu.

Halafu lipapase. Wengi hawapapasi, ndiyo maana wanazibua nyumba ile ile kila mwaka. Likikwaruza vidoleni, huo ni mchanga. Likiteleza kama unga uliolowa kisha likakatika, hayo ni mashapo ya kawaida, yanatoka kwenye miguu ya watu na ndoo za kufulia. Likinata, likaviringika kiganjani likawa uzi mrefu bila kukatika, huo ni udongo wa mfinyanzi. Kila kitu kikikaa chemba kinageuka cheusi, kwa hiyo usidanganywe na rangi.

Andika ripoti na kila kitu ukitaje kwa jina lake. Mtunza jengo asiyeandika ni mlinzi tu mwenye funguo nyingi.

Vaa buti za mpira. Mama yako anasema vaa na kitambaa puani, lakini mimi nasema harufu ni nusu ya habari.

Mjomba wako


27 Februari

Mjomba!

Shikamoo, shikamoo mara mbili, ya pili ni ya fito. Mama mzima? Vifaranga wangapi wamebaki? Mimi nanuka na nina furaha.

Nilianza na chemba ya barabarani kama ulivyosema. Mfuniko ulikuwa umeshika. Nimeugonga pembeni kwa nyundo mpaka mpangaji wa juu, mwalimu mstaafu, akachungulia dirishani na kuniuliza kama nafukua maiti. Ukafunguka. Chemba hiyo, ya tatu kutoka kwenye nyumba, ilikuwa na tope mpaka kwenye ngazi za chuma. Ndoo kumi na moja! Ya pili, ndoo tisa. Ya kwanza, iliyo karibu na nyumba, tatu tu. Na ndiyo, nilizungusha kushoto. Mara moja tu, nilikuwa nimeshangilia nikajisahau. Fito sita zikabaki ndani. Nilizivua kwa waya niliokunja ncha, nimelala kifudifudi uani, wapangaji wamenizunguka wakinishauri. Zilipotoka walipiga makofi, Mjomba. Walipiga makofi kwa sababu ya fito!

Halafu maji yakaondoka. Ule mlio wake! Kama mtu aliyebanwa mafua wiki nzima halafu pua ikazibuka. Mama mfinyanzi aliondoa matofali yake koridoni moja moja, akaniletea kikombe alichokitengeneza mwenyewe, cha kijani, chenye sikio linaloingia vidole viwili. Ndicho ninachonywea chai sasa hivi ninapokuandikia.

Nimepapasa kila ndoo. Nyingi zilinata. Niliviringisha uzi mrefu kuliko mkono wangu na haukukatika. Nikaandika ripoti yangu ya kwanza, kwa kalamu nyeusi, nikaipeleka ofisini kwa mwenye nyumba: "Mabomba yamezibwa na udongo wa mfinyanzi, ndoo ishirini na tatu." Nimeisoma mara nne kwa kujipendea tu.

Sasa lile linaloninyima raha. Kati ya chemba ya pili na ya tatu kuna kama hatua tisa. Nilifunga uzi mwekundu kwenye fito ili nijue inakwama wapi. Kila mara, hatua ya sita kutoka chemba ya pili. Baada ya siku nne nikaingiza tena, na pale pale imeanza kujaa. Kwingine kote kusafi. Wewe ndiye uliyelaza bomba hilo. Kuna nini pale? Bomba linapinda? Kuna kiungo? Ninataka kujua, silali kwa hamu.

Chiriku wako


20 Machi

Chiriku,

Marahaba. Samahani kwa kuchelewa. Posta huku wanafunga wakijisikia. Mama yako amebadilishiwa dawa ya goti, sasa anatembea mpaka dukani na kurudi na habari za watu wote. Vifaranga wamebaki saba, mwewe hana aibu. Ukuta wa jirani umeegemea wa kwangu, tumeutazama pamoja na kukubaliana kwamba ni mzito.

Umefanya kazi nzuri sana na fito. Kuzivua kwa waya ni ufundi, wapo waliozeeka hawajui. Na mfuniko wa chemba ya tatu upake grisi pembeni, usije ukashika tena.

Kuhusu lile swali, mabomba yale yamezeeka kama sisi. Yana tabia zake. Sakafu ya uani usiivunje, ni gharama bure na mwenye nyumba hatapenda. Wewe safisha kila mwezi, inatosha. Mama yako anakuulizia kama unapata maziwa.

Mjomba wako


29 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mama namsalimu, maziwa napata. Leo sina habari nyingine za nyumbani, nisamehe, nimeharibu jambo.

Mwenye nyumba aliniita ofisini tarehe nane mwezi huu. Nikakuta ripoti yangu mezani, imepigiwa mstari. Akanishika mikono yote miwili. "Umemkamata!" Nikamuuliza nani. "Mfinyanzi! Si umeandika mwenyewe hapa? Mabomba yamezibwa na udongo wa mfinyanzi."

Unaona, Mjomba? Mimi niliandika jina la udongo, yeye akasoma jina la mwenye udongo!

Nilifungua mdomo nimwambie. Ndipo akasema, "Miaka kumi naleta mafundi, hakuna aliyeniambia uchafu huu ni wa nani. Wewe mwezi mmoja tu! Damu ya Haivuji haipotei." Akaniambia kazi ni yangu moja kwa moja, mambo ya kampuni yamekwisha. Alinivisha kilemba cha ukoka nami nikakivaa mpaka machoni. Nikasema, "Asante." Hiyo tu. Mimi nisiyenyamaza.

Nilijiambia nitamweleza kesho yake. Kesho ikazaa kesho. Jana nikamwona mama mfinyanzi koridoni na karatasi mkononi. Notisi. Ahame ifikapo tarehe thelathini Aprili, yeye na meza zake na tanuri lake dogo ambalo lilichukua mwaka mzima kulijenga. Akaniuliza, "Wewe unanijua. Mimi nimwage udongo bombani? Udongo naununua kwa mzigo, nauleta kwa mkokoteni. Maji ya kunawia naacha yatulie ndoo tatu, naukusanya wa chini naufinyanga tena. Nani anamwaga mali yake chooni?" Nimeziona hizo ndoo tatu. Ni kweli.

Nikakimbia ofisini pale pale, hata funguo nilisahau. Nikamweleza mwenye nyumba kwamba udongo wa mfinyanzi ni aina ya udongo, upo hata mahali ambapo hakuna mfinyanzi. Akacheka kidogo. "Unamtetea kwa sababu ya kikombe. Haya, kama si wake, umetoka wapi? Umepenya kwenye mabomba ya Haivuji?" Nikatoka kama nilivyoingia. Maana ni kweli, bomba lisilovuja halitoi maji nje na haliingizi udongo ndani. Wapangaji wengine wameanza kumkwepa. Mwalimu mstaafu amesema alishuku siku nyingi, na ni uongo, alinunua kwake vikombe sita mwezi uliopita.

Sina raha hata kidogo. Lakini kichwa kinakimbia, kila saa nazunguka na fito na uzi wangu mwekundu. Hatua ya sita, Mjomba. Nilikuuliza tarehe 27 Februari ukanijibu habari za mwewe. Udongo huu umetoka wapi?

Chiriku


4 Aprili

Chiriku mpwa wangu,

Barua yako imefika leo asubuhi na hii inaondoka leo leo kwa dereva wa basi, siisubiri posta. Mama yako hajambo. Vifaranga sijui.

Ulipoandika kwamba alikusifu ukasema asante, niliweka karatasi chini nikatoka nje. Nimezunguka nyumba mara tatu. Mama yako akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Sasa soma, na usome polepole.

Siku ile saruji ilituishia vikiwa vimebaki viungo viwili. Viungo viwili tu, hatua ya sita kutoka chemba ya pili, mbele ya mlango wa stoo ya uani. Mkaguzi alitarajiwa baada ya siku tatu. Nikachukua udongo wa pale pale ukingoni mwa mtaro, uliokuwa unanata vizuri, nikaukanda na kuvibandika viungo vyote viwili ili uchafu usiingie mpaka saruji ije. Ni jambo la kawaida, kila fundi hufanya. Sijanawa mikono, msimamizi akaja anakimbia: mkaguzi yuko getini, amekuja mapema, tokeni mtaroni!

Wakajaza maji. Nilisimama pale jasho linanitoka, nikisubiri vipasuke mbele ya watu. Havikupasuka. Nilikuwa nimeukanda vizuri mno. Udongo ule ulishika maji saa mbili kama chungu. Na yule bwana akainuka, akapaza sauti neno lile unalolijua. Wenzangu wakaninyanyua juu. Baba yake huyo mama akanipa mkono, mimi kijana wa miaka ishirini na sita ambaye hakuna aliyejua hata jina lake, akaniambia kuanzia kesho wewe ndiye msimamizi wa mabomba. Nikafungua mdomo niseme, "Viungo viwili bado." Kilichotoka ni "Asante." Kama wewe.

Kesho yake nilikuta mtaro umefukiwa. Wiki hiyo wakamwaga sakafu. Mwanzoni nilikuwa na hofu kila mvua ikinyesha. Halafu hofu ikazoea, halafu jina likanizoea. Chungu ambacho hakijachomwa hakina umri, Chiriku. Udongo niliobandika umeshaliwa na maji zamani, na sasa viungo viko wazi, na ardhi ya chini ya ua, ambayo yote ni udongo ule ule, inaingia humo kidogo kidogo kila maji yakipita. Utasafisha mpaka uote mvi.

Nami ndiye niliyekuambia uandike kila kitu kwa jina lake. Hilo jina nililijua kabla hujafungua mfuniko. Nililiandika kwa mkono wangu, likaenda kumtoa mama wa watu nyumbani kwake. Usijibebeshe peke yako.

Sasa fanya hivi. Waite wapangaji wote na mwenye nyumba. Mama mfinyanzi mkalishe mbele. Uwasomee barua hii kwa sauti, kuanzia pale nilipotaja saruji, na usiruke kitu. Halafu wavunje mbele ya mlango wa stoo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi sitaki kuumbuliwa na sululu ya mtu mwingine. Miaka thelathini na moja sijaandika kitu nikakiandika chote.

Mjomba wako


17 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mama hajambo? Wewe je? Nakuuliza kweli, si kwa ajili ya kujaza mstari.

Barua yako ilikaa chini ya godoro langu siku mbili. Sikutaka kuisoma kwa watu. Nilisema nitakuwa mjanja, nitaivunja sakafu bila kukutaja. Nikaenda kwa mwenye nyumba: tuvunje mbele ya stoo. "Kwa nini hapo?" Nahisi tu. "Sakafu haivunjwi kwa kuhisi." Nikarudi, nikapita mlango wa mama mfinyanzi, nikamkuta anafunga vikombe kwenye magazeti, anavipanga sandukuni. Nikapanda moja kwa moja kuwagongea watu.

Walikuja wote, mpaka watoto. Nilisoma nimesimama kwenye ngazi ya kwanza. Pale kwenye "Asante" nilirudia mstari mara mbili, mwalimu mstaafu akataka kunisaidia kusoma nikamkatalia. Nikamaliza, nikaikunja barua. Nilidhani mwenye nyumba atanifukuza. Alikuwa ameushika mkoba kwa nguvu, anaitazama sakafu. Akasema, "Baba yangu amekufa akisimulia habari ya mtu huyu." Kisha akavua viatu vyake vya ofisini, akaviweka pembeni. "Leteni sululu."

Mjomba, tulichimba! Mwenye nyumba alibeba ndoo! Watoto walipewa kazi ya kuhesabu. Saa tisa mchana tukafika kwenye bomba, tukalisafisha kwa brashi, na pale hatua ya sita, viungo viwili vinavyofuatana, wazi, mkono wangu unapita mpaka kiwiko. Chini ya kimoja kulikuwa na kipande cha udongo kimebaki, kikubwa kama andazi, na vidole vimekibonyeza mstari mzima. Vyako. Nilipiga kelele watu wakadhani nimekatwa.

Nimevibandika saruji mwenyewe, fundi wa mtaa akinisimamia. Tukaziba, tukajaza maji, tukasubiri saa mbili na ya tatu juu. Yakasimama pale pale. Mvua kubwa imeanza tangu Jumatatu na choo cha chini kiko kimya. Notisi mwenye nyumba aliichana mbele ya kila mtu na kazi sijanyang'anywa. Amesema ripoti zangu atazisoma mara mbili.

Ningekuwa nakudanganya nikiishia hapo. Nilikwenda kwa mama mfinyanzi kumsaidia kufungua sanduku. Aliniacha nisimame mlangoni. "Mjomba wako alinyamaza miaka thelathini na moja, lakini mimi hakunijua," akasema. "Wewe umenyamaza wiki tatu, kila asubuhi tunasalimiana, na chai unainywea kikombe changu." Nikamwomba msamaha, nikalia, nikaomba tena. Akasema amesikia. Hakusema amesamehe. Baadaye akaniita: "Na huyo mzee mwambie, mabomba yake yamepona. Mimi bado. Barua ilisomwa kwa watu wote, mimi hakuniandikia hata neno. Aje aniambie usoni."

Utakuja? Niko tayari kukupokea kituoni. Nina aibu na nina furaha, vyote viwili kwa wakati mmoja, na sijui nivitenganishe vipi.

Mpwa wako


24 Aprili

Chiriku,

Marahaba. Mama yako hajambo, goti halijambo, alilia kidogo akacheka sana. Kipande kile cha udongo kitupe.

Mama mfinyanzi ana haki yake yote. Nakuja Jumamosi, basi la asubuhi, na nitasimama mlangoni kwake mpaka atakaponiambia niketi, na asiponiambia nitaendelea kusimama. Ningekuja leo, ila kuna kazi imezuka huku na siwezi kuiacha.

Ni hivi. Barua yako nilipoipata sikutaka watu wasikie habari yangu kutoka kwa dereva wa basi. Nikaenda kwenye benchi letu la chai, pale tunapokaa mafundi wazee tusio na kazi, nikawaambia mwenyewe. Haivuji inavuja. Viungo viwili, udongo mtupu. Walicheka, Chiriku! Mwashi alimwaga chai yote miguuni. Wamenipa jina jipya, sikuandikii, mama yako atalisoma.

Kicheko kikaisha. Halafu mwashi, akiwa bado anajifuta miguu, akasema kuna ukuta mmoja wa shule aliujenga bila nondo katikati, vyuma vilichelewa na mwalimu mkuu akaja kumshukuru mapema. Fundi umeme akasema yeye ana waya alioacha uchi, nyuma ya dari la zahanati. Fundi paa akasema, "Mnanitazama nini?" na baada ya dakika tano akasema ya kwake. Tulikuwa tunaogopa na tunafurahi kama watoto waliovunja kitu pamoja. Kufikia jioni hapakuwa na fundi hata mmoja pale ambaye kazi zake zote zilikuwa nzima.

Kwa hiyo nimenunua pakiti ya bahasha. Tuko sita, na mwandiko unaosomeka ni wangu peke yangu, ndiyo maana sijaondoka. Nimemaliza ya shule na ya zahanati. Sasa hivi yuko mbele yangu seremala, amesimama, hataki kuketi, anatoa maneno haraka kuliko ninavyoweza kuandika. Ni habari ya ngazi moja ya mbao, kwenye nyumba ya ghorofa mbili. Nimemwambia atulie kidogo nikumalizie barua wewe kwanza. Anasema niiache yako niandike yake, watu wanapanda.

Mjomba wako